Walionyonya Ziwa Moja

Ngomeni, ukingo wa mto Danubi
Aprili, mwaka wa kwanza wa Kaisari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua chako kimetulia baada ya baridi. Mimi huku sijambo, ila kikohozi ambacho kila mtu anacho, hata akida wetu.

Habari zimefika. Tulikuwa tunachimba mfereji nyuma ya mazizi, akaja tarishi akipiga kelele kwamba mzee amefariki na mwanawe ndiye Kaisari sasa. Niliketi papo hapo kwenye tope. Mama, ni yeye! Yule uliyeajiriwa kumnyonyesha, tukagombania ziwa lako yeye kulia mimi kushoto, leo dunia yote ni yake.

Aliyewaambia wenzetu ni Prisko, rafiki yangu ninayelala naye hema moja. Tangu hapo sina raha. Nikipita wanasimama wima: "Pisheni, ndugu yake Kaisari anakwenda chooni!" Nikipewa uji wanasema, "Muonjeeni kwanza, asije akalishwa sumu." Tunacheka mpaka akida anakuja kutufukuza.

Lakini utani ukiisha wananijia mmoja mmoja, kwa upole. Mama, viatu vimekwisha. Mahema yametoboka, na ngozi tulizoahidiwa tangu mwaka jana hazijaonekana. Liwali wetu ni mtu mwema, ameandika mpaka amechoka. Wenzangu wanasema, mama yako anakaa jumbani, neno lake moja litapita barua zote za liwali. Mimi cheo sitaki. Mwambie tu habari ya ngozi.

Barua hii ameibeba Galo, mchuuzi wa kaharabu. Ni mtu wetu, mpe majibu bila wasiwasi.

Mwanao,
Numerio


Roma, jumbani
Juni, mwaka wa kwanza wa Kaisari

Mwanangu Numerio,

Marahaba, marahaba sana. Kifua kimetulia, sasa ni magoti, na ngazi za jumba hili hazina huruma. Mama yako mdogo Salvia anakusalimu kutoka Tibur. Mizeituni yake imechanua vizuri. Unakula? Galo anasema umekonda. Nilimwuliza kama umekonda sana au kidogo, akajifanya anafunga mzigo.

Nimemwambia. Kifaranga (bado namwita hivyo tukiwa peke yetu, naye hakatazi) alikuwa amelaza kichwa mapajani mwangu, maana siku za jua kichwa humuuma vibaya. Niliposema habari ya viatu alilia. Machozi kabisa, mwanangu. "Numerio wangu anatembea pekupeku, Mama? Kwenye barafu?" Akamwita mwandishi, akaagiza ngozi zote zilizo maghalani Ostia zipelekwe Danubi mara moja. Nilitoka pale nikimshukuru kila mungu ninayemjua.

Nyuma yangu akaingia Eufemo, msimamizi wa vyumba vyake. Siku hizi hakuna anayemwona Kaisari bila kupita kwa Eufemo. Sijui walisema nini. Ninachojua, ngozi zilitoka ghalani kweli, ila hazikwenda kaskazini. Mafundi wanazishona ziwe paa la kufunika uwanja wa mashindano ya farasi, upande anaokaa yeye, jua lisimpige. Nilimwuliza. Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Aa, zile? Zitapatikana nyingine, Mama."

Kisha akarudi kuchagua majina ya farasi wake.

Si mtu mbaya, Numerio. Mimi ndiye niliyemlea. Anaahidi kwa moyo wote, halafu mtu mwingine akiingia mlangoni, moyo wote unahamia kwa huyo. Alipokuwa mtoto tulicheka. Sasa anacheka yeye, na sisi tunaangalia chini.

Nakutumia soksi za sufi, nimezishona mwenyewe. Jozi nyingine mpe huyo Prisko.

Mama yako


Ngomeni, Danubi
Januari, mwaka wa pili wa Kaisari

Mama,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi ni mzima, na ukiona mwandiko umepinda ni baridi tu, wino unaganda kabla sijamaliza neno.

Mto umeganda pia. Watu wa ng'ambo hawakuhitaji mashua. Walivuka kwa miguu wakachoma ghala la chini na nafaka yote iliyokuwemo. Tulipigana nao tukiwa tumefunga matambara miguuni. Tuliwarudisha, lakini Prisko amekatwa vidole vyote vya mguu wa kushoto, vilikuwa vimekufa kwa baridi. Daktari alipokuwa anakata, Prisko alikuwa anatusimulia habari ya shangazi yake aliyeolewa na mpiga filimbi, hadithi ndefu isiyo na kichwa, apate tu kusema kitu asilie. Anakushukuru kwa soksi. Daktari anasema bila hizo mguu mzima ungekwenda.

Liwali aliandika barua kali kuliko zote. Akaitwa Roma. Tumesikia amelazimishwa kujiua nyumbani kwake, wanawe wakiangalia. Ni kweli, Mama? Tuliyeletewa badala yake alikuwa akimkanda Kaisari mafuta bafuni. Siku ya kwanza alipanda ukutani, akautazama mto, akauliza, "Nani aliwaambia mjenge mahali penye baridi namna hii?" Hakuna aliyecheka.

Na mimi hawanitanii tena. Jana niliketi kula, wawili wakahamisha bakuli zao. Mmoja akasema bila kugeuka, "Kale na ndugu yako."

Mwambie tena. Nakuomba. Sina mwingine wa kumwomba.

Mwanao,
Numerio


Roma, jumbani
Machi, mwaka wa pili wa Kaisari

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako hata uliopinda. Mpe Prisko pole zangu, mwambie aweke majivu ya moto kwenye gunia alalie mguu juu yake. Mimi niko hivyo hivyo.

Habari ya liwali ni kweli. Mkewe alikuja kwenye lango la jikoni kunitafuta, siku moja kabla, akapiga magoti mbele ya wapishi. Nilikwenda kwa Kifaranga mbio na magoti haya. Eufemo akasimama mlangoni: "Kaisari anapumzika, bibi." Nilimsikia ndani akiimba. Nilisimama pale mpaka akamaliza wimbo, akaanza mwingine. Nilipoingia hatimaye, watu walikuwa wamekwisha kutumwa. Akasema, "Kwa nini hukuniambia mapema, Mama?" Na uso wake ulikuwa wa huzuni ya kweli. Hilo ndilo linaloniua, Numerio. Kwamba ni ya kweli.

Nimemweleza tena habari zenu. Alikuwa anakula tini, wazee wa Baraza wamesimama pembeni, watu wazima wenye mvi, wanangoja aoshe vidole.

"Numerio! Ameota ndevu? Alikuwa ananiuma huyu, Mama, unakumbuka?"

"Nakumbuka, baba. Sasa anakufa kwa baridi. Yeye na wenzake wote."

Akaweka tini chini. Nikadhani limeingia. Kisha akapiga makofi. "Wanafikiri nimewasahau! Ndiyo maana mioyo yao imepoa. Watapelekewa sanamu yangu, ya shaba, kubwa, wanione kila asubuhi."

"Baba, hawawezi kuivaa sanamu."

Wale wazee wakainamisha vichwa. Yeye akacheka sana, akanibusu mkono, akawaambia wale wazee, "Mnaona? Huyu peke yake ndiye haniogopi." Na sanamu ikaagizwa siku ile ile.

Huko nje watu hawanisalimii. Muuza mikate wetu wa siku zote amenipa mkate wa juzi. "Mama Kaisari, mwanao ametubakizia huo," akasema, na foleni nzima ikasikia. Niliupokea.

Nimesema nilivyoweza, mwanangu. Ni kama kumwaga maji kwenye mchanga.

Mama yako


Ngomeni, Danubi
Julai, mwaka wa pili wa Kaisari

Mama,

Shikamoo. Sitauliza mengi leo. Nataka tu ujue mimi ni mzima wa mwili.

Sanamu imefika. Ilivutwa na maksai waliotakiwa kuleta ngano. Ni kubwa kuliko lango, ikabidi tubomoe ukuta kuiingiza, ukuta ule ule tulioutetea wakati wa barafu. Ina tabasamu. Nilimtambua kwa masikio.

Liwali mkandaji mafuta akaamuru kikosi kizima kisimame wima mbele yake kila jua likichomoza. Prisko hawezi kusimama muda mrefu bila fimbo, na fimbo zimekatazwa kwenye gwaride. Asubuhi ile aliyumba akaanguka mbele, akashika mguu wa sanamu asipige uso. Liwali akasema amemtukana Kaisari. Nilitoka mstarini nikasema, "Bwana, hana vidole." Akaniuliza mimi ni nani. Akida akamnong'oneza. Akatabasamu, akasema, "Basi kwa heshima ya ndugu yake Kaisari, hatakatwa kichwa. Atachapwa."

Alichapwa mpaka akafa, Mama. Hakutusimulia habari ya shangazi wala ya mtu yeyote.

Sasa sikiliza. Watu wanaongea, si hapa tu, ngome zote za mto. Wana jina la mtu, jemadari wa mashariki ya hapa. Siandiki zaidi. Toka katika jumba hilo. Nenda kwa Mama Salvia kabla ya mavuno ya zabibu, sema magoti yanakuuma, sema lolote. Usimuage yeye. Toka tu.

Mwanao,
Numerio


Roma, jumbani
Septemba, mwaka wa pili wa Kaisari

Mwanangu,

Marahaba. Nimemlilia Prisko kama niliyemzaa. Nilikuwa namshonea jozi nyingine.

Nilijaribu. Salvia alileta mkokoteni wake wa zeituni mpaka lango la chini, nikapanda, nikajifunika shuka. Walinzi walinishusha kwa adabu, mmoja kila upande, wakanirudisha juu kama mtungi. Salvia alibaki pale akiwatukana: "Ni dada yangu! Ana kwao! Mnataka nini na bibi mzee?" Wakamsukuma punda wake akageuka.

Kifaranga alikuwa ananingoja ngazini, pekupeku.

"Unaniacha, Mama?"

"Naenda kupumzisha magoti, baba."

"Wote wanasema wanaenda kupumzika. Hawarudi." Akaketi kwenye ngazi. Amenenepa, mwanangu. "Eufemo anasema majeshi ya mtoni yananichukia. Nimewafanyia nini? Niliwapelekea sanamu."

Ningeweza kumwambia. Nilimwambia! Nilimtajia Prisko kwa jina, vidole, fimbo, yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atamwandikia liwali amwadhibu huyo aliyemchapa, na saa hiyo hiyo akamwita Eufemo, na Eufemo akamwambia farasi mweupe amepona. Akaenda kumwona farasi.

Hatanidhuru. Anataka tu niwepo. Wamenihamishia chumba cha mashuka karibu na jiko, mlango una mlinzi. Kitu kimoja kinanitia hofu kuliko vyote: anakutaja. Anasema, "Wakija wabaya, Numerio atakuja kuniokoa, tumenyonya ziwa moja." Mwanangu, popote jeshi litakapokwenda, wewe usije huku. Jifanye mgonjwa. Jikate mguu ikibidi. Usije.

Mama yako


Njiani, upande wa huku wa milima
Februari, mwaka wa tatu wa Kaisari

Mama,

Shikamoo. Sijapata barua yako yoyote tangu majira ya joto. Nadhani uko Tibur, na kama uko Tibur achana na haya yote, kunywa supu yako.

Kama hukutoka, soma vizuri. Tunakuja. Miji inafungua malango kabla hatujabisha. Jemadari ameniita hemani kwake, mimi, askari wa kawaida, akaniuliza ni kweli nilikulia katika jumba lile. Anataka niongoze kikundi kitakachoingia kupitia jikoni. Nilitaka kukataa. Lakini nikikataa watampa mwingine, na huyo hatajua bibi mzee atakayemkuta ndani ni mama wa nani.

Kaa jikoni. Usikae karibu naye. Kaa jikoni na wapishi, ushike mwiko, chochote.

Mwanao,
Numerio


Roma, kambini nje ya ukuta
Mei, mwaka wa kwanza wa Kaisari mpya

Mama,

Shikamoo. Galo ameniambia uko Tibur sasa, na kwamba unakula. Nimeshukuru. Barua yako ya Septemba ameniletea pamoja na habari hizo. Ilizunguka na mizigo yake mpaka baharini ikarudi. Nimeisoma sasa.

Sikuingia kukusalimu. Nilifika mpaka langoni kwa Mama Salvia, nikasikia sauti yako ndani, nikarudi.

Wamenifanya akida. Kaisari mpya amenivika taji la majani mbele ya jeshi. Kila karamu wananisimamisha, wanamchukua mtumishi mmoja awe Kaisari wa zamani, wananiambia nioneshe nilivyomshika. Naonesha. Nimeonesha mara nyingi sasa hata mikono yangu inakumbuka ya karamuni, ya siku yenyewe imeyapoteza.

Nitakueleza ninayoyakumbuka. Jumba lilikuwa tupu, walinzi wamekimbia, Eufemo ameondoka na nyumbu wote. Niliingia wa kwanza kupitia jikoni. Nikakukuta umeketi sakafuni chumba cha mashuka, na yeye amejikunyata nyuma yako. Aliponiona aliruka. "Numerio! Mama, si nilikwambia? Si nilikwambia atakuja?" Akaja kifuani kwangu. Alinuka jasho na marashi. Nikakuita, "Mama, nifanye nini?" Ukafungua mdomo, hukusema. Ndipo akida alipoingia na wenzake, akatuona tulivyosimama, akasema, "Vizuri, Numerio. Mshikilie hivyo hivyo."

Mama, alisema hivyo, na yote yakafanyika nikiwa nimesimama. Hata uso wangu walilazimika kuufuta wao.

Sikumbuki mikono yangu ilikuwa wapi. Wewe ulikuwepo. Niambie, na unachoniambia nitakiamini: ni mimi niliyemshika, au ni yeye aliyenishika mimi?

Mwanao,
Numerio


Tibur
Juni, mwaka wa kwanza wa Kaisari mpya

Mwanangu Numerio,

Marahaba, mwanangu. Mimi ni mzima. Salvia ni mzima. Asubuhi nakaa uani nachambua dengu, mchana nalala. Siku uliyorudi kutoka langoni mbwa alibweka sana, nikamwambia Salvia amnyamazishe. Sikujua ni wewe.

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Nimeanza kuijibu mara nyingi.

Ulipoita nilikusikia. Sikuwa na jibu, kwa sababu kila jibu lililonijia lilikuwa linamtoa mmoja wenu. Na walipoingia wale, nilivuta ushungi nikafunika uso. Sikuona, Numerio. Nilikuwa karibu nanyi kiasi cha kuwagusa, na sikuona. Unanitaka nikwambie kitu ambacho sina.

Nitakwambia nilichokiona baadaye.

Walipomaliza kumburuta mitaani walimwacha karibu na mto. Mimi na Akilia, yule mfuaji nguo, tulimchukua kwa mkokoteni wa mashuka. Hakuna aliyetuzuia, mlinzi mmoja hata alitusaidia kuinua, kisha akanawa mikono. Kaburi la baba yake wametukatalia. Tukamchoma nyuma ya mahali pa kufulia, kuni zilikuwa mbichi, ikachukua muda. Majivu nimekuja nayo huku katika mtungi wa zeituni. Salvia alipojua alinifungia mlango wa jiko. "Dada, umeniletea nani nyumbani kwangu? Majirani wakisikia watatuchoma na sisi!" Nikamwambia, nimeleta mtoto. Hajasema tena, ila hapiti karibu na mtungi ule.

Kabla ya kumchoma tulimwosha. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefumba. Akilia alijaribu kuifungua kwa maji ya moto, haikufunguka. Kati ya vidole zilitokeza nyuzi nyekundu, sufi ya joho la askari. Nilifurahi, mwanangu. Pale pale, mbele ya maiti, nilifurahi. Nikasema, basi, ni yeye aliyeshika.

Kisha tukamgeuza tumwoshe mgongo. Juu ya mikono, hapa karibu na mabega, palikuwa na alama za vidole, zimeingia, nyeusi. Za mtu mwenye nguvu. Inawezekana ni za yeyote kati yao. Walikuwa wengi, na kila mmoja alimgusa. Nilizisugua sana. Akilia akaniambia, "Bibi, hizo hazitoki," nami nikaendelea kuzisugua.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Nilianza barua nyingine iliyosema nimeona kwa macho yangu kwamba mikono yako ilikuwa chini, imelegea. Nikaichana, kwa sababu ungeisoma na ungejua.

Njoo. Salvia hataki sare ndani ya nyumba, ivue kwa jirani. Hatutazungumza kama hutaki. Nitakuwekea chakula, nitakaa upande wa pili wa meza.

Mama yako